Kumbe hata mbwa hufundishwa kutembea upya!

MSOMAJI mpenzi, hebu tuambiane ukweli. Ukielezwa kwamba kuna mtu aliyekaa chuo kikuu miaka mitano akawa daktari, kisha akaongeza miaka mingine kadhaa ya masomo, na yote hayo ili awe bingwa wa kunyosha miguu ya mbwa, utafanya nini?

Mimi nilicheka. Tena si kicheko cha adabu kile cha kufunika mdomo kwa kiganja. Nilicheka hadi chai ikanipalia, ndugu yangu akalazimika kunigonga mgongoni.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka 2023, nyumbani kwa wazazi wetu kule Ruai. Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, alikuwa amemaliza mtihani wa KCSE mwezi uliotangulia na matokeo yalikuwa hayajatoka. Wajua jinsi ilivyo katika jamaa zetu. Mtoto akishamaliza kidato cha nne, kila mwenye kinywa humwuliza swali lile lile: “Sasa utasomea nini?”

Akasema atasomea udaktari wa mifugo. Hapo hakuna aliyeshtuka. Ng’ombe ni mali, na mwenye kutibu mali hakosi mkate. Lakini binti akaendelea. Akasema hamu yake hasa ni mbwa. Tena si kuwachanja wala kuwatoa kupe. Anataka kuwafundisha kutembea upya wale walioumia miguu na migongo, na kuwatibu wanaokimbia mashindano. Alikuwa amesoma habari hizo kwenye maktaba ya shule, na alizieleza kwa macho ya kung’aa, maskini.

“Yaani utakuwa kocha wa mbwa!” nikasema, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Binti akainama, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee wetu alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki karibu na mlango, mkono wa kushoto ukiwa umelala pajani kama kitu alichoazimwa. Mwezi wa Septemba mwaka huo kiharusi kilikuwa kimempiga, kikamwachia mguu na mkono wa kushoto usiosikia amri, na ulimi mzito. Nilidhani hakucheka kwa sababu uso wake ulikuwa haujarudi sawasawa. Nilikosea, na kosa hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu Jumapili hii.

Yafaa nikueleze kidogo kuhusu mzee. Kwa miaka 26 alikuwa askari wa mbwa katika kampuni moja ya ulinzi hapa Nairobi. Jua likizama, yeye alikuwa akishika ukanda wa mbwa na kwenda kuzunguka maghala hadi alfajiri. Sisi wanawe watano tulilipiwa karo kwa mshahara huo. Ukipenda, waweza kusema kwamba tulisomeshwa na meno ya mbwa. Hata diploma yangu ya uandishi wa habari imetoka humo humo. Laiti ningelikumbuka hilo kabla ya kufungua kinywa changu!

Alipostaafu, rafiki yake alimpa kijana wa mbwa mwenye damu ya German Shepherd na ya mbwa wa mtaani, nusu kwa nusu. Akamwita Bosco. Kufikia wakati ninaousimulia Bosco alikuwa na miaka sita na kilo 38, kwa kuwa mama hawezi kuona ugali umebaki sufuriani bila kumtafutia mwenyewe.

Basi mwezi wa Februari 2024, usiku wa manane, Bosco alisikia kishindo nje ya ua. Alitoka mbio, akageuka ghafla penye pipa la maji, na mara kikasikika kilio kimoja kifupi. Kulipopambazuka alikuwa amesimama kwa miguu mitatu, ule wa nyuma wa kulia ameukunja, ukigusa ardhi kwa ncha za kucha tu.

Tulingoja siku tatu tukidhani ni kuteguka tu. Jumapili tukaketi kikao cha familia. Kaka yangu alisema mbwa wa kulinda asiyeweza kukimbia ni mgeni asiyeaga. Mimi, msomi wa familia, nilikuwa tayari nimepata namba ya simu ya mtu wa kuja kumpiga sindano ile ya mwisho. Nilieleza kwamba si ukatili bali ni huruma. Nilisema mbwa mwenye mguu mbovu hana maisha.

Mzee akainua kichwa. Ilimchukua muda kuyapanga maneno.

“Mguu… mmoja… tu?”

Msomaji, hakuna aliyejibu. Kila mmoja wetu aliyainua macho asitazame mguu wa kushoto wa mzee, na kwa kujizuia hivyo sote tukawa tumeutazama. Mama aliinuka akaenda jikoni bila sababu. Mimi nilitoa simu mfukoni, nikaifuta ile namba.

Jumatatu mpwa wangu na mimi tulimpakia Bosco kwenye gari la jirani, tukampeleka kwa daktari wa mifugo mjini. Daktari alimlaza ubavu, akashika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mkono wa pili, akasukuma polepole. Nikaona kwa macho yangu mfupa wa chini ukiteleza mbele, mithili ya droo ya meza inayofunguliwa.

“Kano ya ndani ya goti imekatika,” akasema. Akatueleza kwamba hilo ni mojawapo ya majeraha ya kawaida kabisa kwa mbwa wakubwa, na kwamba aghalabu kano huwa imeanza kuchakaa kitambo kabla ya siku ya kukatika. Wachezaji wa kandanda huikata kano kama hiyo, na tunasoma habari zao kwenye kurasa za michezo kila wiki. Kwa mbwa wanaozidi kilo 15 hivi, upasuaji ndio hupendekezwa mara nyingi.

Nikauliza bei. Ilikuwa imepita karo ya muhula. Tukachanga ndugu wote, na kaka yangu yule wa “mgeni asiyeaga” akatoa zaidi ya wengine bila kusema neno.

Lakini daktari hakutuacha twende tukifurahi. Alisema upasuaji ni nusu ya kazi. Mbwa akikaa majuma bila kuukanyagia mguu, misuli ya paja husinyaa, goti hukakamaa, na uzito wote huhamia mguu wa pili. Wengi wanaoumia goti moja huishia kuumia na la pili. Nusu iliyobaki ya kazi ingefanyiwa nyumbani, kila siku, kwa muda wa miezi mitatu.

“Nani atakayeifanya?” akauliza.

Mpwa wangu akainua mkono, kama mtoto aliye darasani.

Tukiwa njiani kurudi ndipo nilipomwomba anieleze upya, kuanzia mwanzo, habari ile niliyomcheka kwayo. Nami nitakueleza kwa ufupi niliyoyasikia siku hiyo na niliyoyafuatilia baadaye kama mwandishi.

Kwa muda mrefu farasi ndio walioshughulikiwa hivi, kwa sababu farasi wa mbio ni pesa nyingi. Mbwa walifuata. Mwaka 1999 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walikutana Corvallis, katika jimbo la Oregon, Marekani, kwa kongamano la kwanza la kimataifa kuhusu tiba ya mazoezi kwa wanyama. Mwaka 2010 chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kiliitambua rasmi taaluma hii kuwa ya mabingwa, kama vile hospitalini kuna bingwa wa moyo na bingwa wa mifupa. Ina matawi mawili: la farasi na la mbwa.

Huenda ukauliza, mbwa na michezo wapi na wapi? Huko Alaska, tangu mwaka 1973, kuna mashindano ambapo mbwa huvuta magari ya thelujini kutoka Anchorage hadi Nome, mwendo wa kilomita zipatazo 1,600. Njiani kuna vituo ambapo madaktari huwakagua mbwa miguu, moyo na pumzi, na asiyefaa huachwa asiendelee. Kuna pia wale mbwa wembamba wa mbio za uwanjani, waitwao greyhound. Wao hukimbia wakizunguka upande wa kushoto, kwa hivyo kifundo cha mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo mkubwa kwenye kona. Ndiyo maana mifupa midogo ya kifundo hicho cha kulia huvunjika mara nyingi kuliko ya kushoto. Daktari asiyejua mchezo hawezi kujua atazame wapi kwanza.

Na usidhani ni habari za ng’ambo pekee. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, hutumia mbwa kunusa pembe za ndovu katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta na bandari ya Mombasa. Polisi wana kikosi chao cha mbwa. Maghala ya jiji hili hulindwa usiku na mamia ya wanyama wanaoruka kutoka kwenye magari ya mizigo na kutua juu ya saruji. Hao nao ni wanariadha, ijapokuwa hawavishwi nishani.

Vyombo vya kazi hii vitakushangaza. Kuna sanduku la kioo lenye mkanda unaozunguka chini, ambalo hutiwa maji vuguvugu na mbwa akatembea ndani yake. Maji humwinua. Yakifika kwenye nyonga, miguu hubeba kama asilimia 38 tu ya uzito wake. Yakiteremshwa hadi gotini, hubeba kama asilimia 85. Kwa hivyo mtaalamu anaweza kuongeza mzigo juu ya mguu mgonjwa kwa kupunguza maji siku baada ya siku. Nilipoyasikia hayo nilinyamaza. Mtu aliyewaza jambo hilo si wa kuchekwa.

Sisi hatukuwa na sanduku la kioo, na maji ya mto Nairobi si ya kumtia mbwa unayempenda. Tulikuwa na uga wa futi hamsini kwa mia, vijiti vya fagio na binti mmoja mwenye daftari.

Siku za mwanzo alimkanda Bosco goti kwa barafu iliyofungwa kwenye taulo, dakika kumi hadi kumi na tano. Kisha akawa anamlaza ubavu, anaukunja mguu na kuunyosha taratibu, mara kumi, mara kumi na tano, bila kuvuka pale mbwa anapoanza kukaza mwili. Sakafu ya sebule ina vigae vinavyoteleza, kwa hivyo tulitandika magunia. Kuruka kulipigwa marufuku, na ngazi vivyo hivyo. Ugali wa mama ulipimwa kwa kikombe. Hapo palizuka vita, hadi binti alipomsomea nyanya yake habari za utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002. Mbwa 48 wa jamii ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote, nusu yao wakipewa chakula kilichopungua kwa robo. Hao waliokula kidogo waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa. Mama akasonya, lakini kikombe akakipokea.

Sasa sikiliza kilichonitoa machozi.

Mara mbili kwa wiki mzee alikuwa akienda hospitali ya umma kwa tiba ya mazoezi ya viungo. Mama mmoja mtaalamu, mpole lakini asiyekubali visingizio, alikuwa amempa mazoezi ya kufanya nyumbani. Anyoshwe goti na kukunjwa. Ainuke kitini na kuketi. Atembee hatua fupi, avuke vijiti vilivyolazwa chini ili mguu ukumbuke kujiinua. Mzee alikuwa hayafanyi. Tukimhimiza aligeuza uso ukutani. Mtu aliyezoea kuzunguka maghala usiku kucha alikuwa anaona haya kuhesabiwa hatua sita kama mtoto.

Asubuhi moja binti alikuwa ugani na Bosco. Alikuwa amelaza vijiti vya fagio juu ya vipande vya matofali na anamvusha mbwa polepole, kimoja baada ya kingine. Mzee alikuwa akitazama kutoka mlangoni. Kisha akasema, kwa ule ulimi wake mzito, “Hayo… ni yangu.”

Ni kweli, yalikuwa yake. Mazoezi yalikuwa yale yale. Keti, simama. Vuka kijiti. Hamisha uzito. Pumzika, rudia. Binti alikuwa amejua tangu mwanzo, ila hakutaka kusema ili babu asione anafananishwa na mbwa. Mzee hakuona hivyo hata kidogo. Aliomba fimbo yake, akatoka nje, akasimama nyuma ya Bosco akingoja zamu.

Tangu siku hiyo wakawa wanafanya pamoja. Na lilipofika zoezi la kutembea, pakatokea jambo ambalo hakuna kati yetu aliyelipanga. Mbwa aliyepasuliwa goti hutakiwa kutembezwa kwa ukanda, mwendo wa polepole mno, kwa sababu akitembea haraka huuinua mguu mbaya na kurukaruka kwa mitatu, lakini akienda pole hulazimika kuukanyagia. Sisi wote tulikuwa tumeshindwa. Kaka alikuwa na haraka, mimi nilikuwa na simu. Katika nyumba ile mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na mwendo uliofaa.

Tulimwuliza kwanza yule mama wa hospitali. Alikubali kwa masharti: binti awe kando yao siku zote, na ukanda usizungushwe kifundoni mwa mkono. Fimbo ikashikwa kulia. Ukanda ukaenda kushoto, katika mkono uliokuwa umekataa hata kikombe, maana mbwa wa ulinzi hufunzwa kutembea upande wa kushoto wa askari wake, na mzee hangekubali kumpeleka kwingine. Siku ya kwanza vidole viliachia mara nne. Bosco alisimama kila mara, akangoja. Walitembea dakika tano, kutoka lango letu hadi kwa kioski cha jirani.

Katika matembezi hayo, neno baada ya neno, mzee alimsimulia mjukuu wake kisa ambacho sisi wanawe hatukuwahi kukisikia. Mwaka 1994 mbwa aliyekuwa akifanya naye kazi aliruka kutoka garini akaumia mguu wa nyuma. Alichechemea majuma mawili. Wakubwa wa kazi wakasema apigwe sindano, na mzee ndiye aliyeambiwa amshike kichwa. Mbwa alitulia kabisa, kwa sababu aliyemshika ni mtu wake. Usiku uo huo mzee alikabidhiwa mbwa mwingine, akaenda kazini.

“Alidhani,” mzee alimwambia binti, “nimekuja… kumtibu.”

Basi ndiyo sababu hakucheka siku ile ya Krismasi. Kwa muda wa miaka karibu thelathini alikuwa akibeba swali kifuani, kama kulikuwa na njia nyingine. Na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na minane, ndiye aliyesimama mbele ya jamaa wote akamjibu kwamba ipo, watu wanaisomea, nami pia nitaisomea. Sisi wengine tukacheka.

Sitakudanganya kwamba ni njia rahisi, hasa ikiwa wewe ni mwanafunzi unayesoma ukurasa huu huku ukipiga hesabu. Kwanza lazima uwe daktari wa mifugo kamili. Hapa nchini hiyo ni miaka mitano, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, au Chuo Kikuu cha Egerton. Baiolojia na kemia haziepukiki. Ni sharti usajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2011. Na katika miaka hiyo mitano hutaona mbwa pekee. Utaingiza mkono ndani ya ng’ombe hadi begani, utafukuzana na nguruwe, utapasua kuku waliokufa ili ujue kilichowaua.

Baada ya hapo kuna njia mbili. Fupi ni ya vyeti. Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani, ni miongoni mwa vinavyotoa cheti cha tiba ya mazoezi ya mbwa. Sehemu ya masomo husomwa ukiwa mbali, sehemu hufanywa kwa mikono, kisha huandika visa vya wagonjwa wako na kufanya mtihani. Njia ndefu ni ya ubingwa kamili, mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi na mingine mitatu chini ya mabingwa, ndipo mtihani. Zote zina gharama kubwa kwa mtoto wa Ruai.

Hata hivyo milango si hiyo tu. Cheti kile cha Tennessee hupokea pia wataalamu wa mazoezi ya viungo vya binadamu. Huko Uingereza hao wana chama chao cha wanaotibu wanyama tangu miaka ya 1980, nao hufanya kazi kwa kushirikiana na daktari wa mifugo. Na ikiwa alama zako hazikufika chuo kikuu, kuna taasisi za AHITI za Kabete, Ndomba na Nyahururu zinazofunza afya ya mifugo. Daktari wa mbwa aliyevunjika hafanyi kazi peke yake, na mwenye kukaa na mgonjwa kila siku aghalabu si daktari.

Wateja je? Ukweli ni kwamba Mkenya wa kawaida hana fedha za kupasulia mbwa goti. Lakini kuna mbwa wa polisi na wa kampuni za ulinzi, kuna farasi wa mbio kule Ngong, na kuna punda wetu wa mikokoteni ambao hakuna mnyama anayechechemea kama wao katika nchi hii. Anayejua jinsi kiungo kinavyobeba mzigo hatakosa wa kumsaidia.

Nawe mwenye mbwa nyumbani, chukua haya mawili bila malipo. Usingoje alie. Mbwa hubeba kama asilimia 60 ya uzito wake kwa miguu ya mbele, kwa hivyo anaweza kuficha ubovu wa nyuma kwa muda mrefu. Mtazame anapoketi, kama mguu mmoja anautoa kando. Tazama kucha, kama za mguu mmoja zimechakaa tofauti na za mwingine. La pili, kamwe usimpe dawa zako za maumivu. Vidonge vya kawaida vya dukani, kama ibuprofeni, vyaweza kumharibu tumbo na figo hata kumwua.

Bosco alirudi kukimbia mwishoni mwa mwezi wa tano, akiwa na kilo 31. Ukimtazama kwa makini asubuhi za baridi utaona bado anaupendelea mguu ule kidogo. Mzee naye bado anaiburuta nyayo ya kushoto akichoka, na fimbo hakuiacha. Lakini kila jioni, jua likianza kuzama kama zama zile za maghala, wawili hao hutoka langoni. Siku hizi hufika mpaka kituo cha matatu na kurudi, na mkono wa kushoto hauachii ukanda. Mwenda pole hajikwai.

Matokeo ya KCSE yalikuwa yametoka Januari. Binti alipata A ya kutoa. Walikuwapo waliomshauri achukue udaktari wa binadamu, “ule wenyewe hasa”. Mzee aliinua fimbo yake sentimita chache tu, na shauri likaisha. Septemba mwaka huo alijiunga na Kabete. Akija nyumbani ananuka zizi la ng’ombe, na jambo la kwanza anafanya, kabla hata ya kuvua viatu, ni kumwambia babu yake aketi, asimame, aketi, asimame. Bosco akisikia amri huketi naye.

Na Krismasi iliyopita, mtoto wa kaka yangu, kijana wa kidato cha tatu, aliulizwa swali lile lile. Akataja kazi ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe, sikuelewa hata inaanzia wapi. Watu wakanigeukia mimi, mcheshi wa familia, wakingoja.

Nilikunywa chai yangu hadi mwisho, nikaweka kikombe chini.

“Hebu nieleze,” nikamwambia. “Kutoka mwanzo.”